Kutegemeana Kwanza, Kuaminiana Baadaye

Ukichukua mikoba ya klabu ya maigizo katika shule ya kutwa hapa mtaani Munyaka, Eldoret, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kwamba wanafunzi wajengewe imani kabla ya kushika mswada. Utaambiwa uwapange duara, mmoja afumbe macho na kujiangusha nyuma, wenzake wamdake. Wengine wafungwe vitambaa machoni na kuongozwa uwanjani. Mwishowe kila mmoja ataje jambo analoliogopa. Michezo hiyo haina ubaya mkubwa, na siku ya baridi inachangamsha mwili. Ila naona inaanzia mwisho. Mtoto anayejiangusha anajua fika kwamba mwalimu yupo, na kwamba hakuna atakayethubutu kumwacha aanguke mbele ya watu. Akidakwa, amejifunza tu kwamba watu hawamwangushi mtu hadharani mwalimu akitazama. Hajajua kama yule aliyemdaka atafika mazoezini Jumanne, kama atakuwa amekariri mistari yake, wala kama atamtetea akisikia lafudhi yake ikichekwa. Ninachodai katika mwongozo huu ni kwamba kuaminiana hakuitangulii kazi, huifuata. Kwa hiyo nguvu zako zitumie kuipanga kazi yenyewe, ili kila mmoja amhitaji mwenzake kwa kweli, na ahadi ndogo zitimizwe mahali ambapo wote wanaona.

Mahali kama hapa hoja hii ina uzito wake. Munyaka ni neno la Kikuyu lenye maana ya bahati, lakini mtaa huu haukubahatika kila mwaka. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliteketeza nyumba hapa kama katika mitaa mingine ya Eldoret, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, viungani mwa mji huu huu, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo kujinusuru. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Wanafunzi wako wengi hawakuwa wamezaliwa. Moto hawakuuona, ila wameurithi kwa njia ya maonyo ya nyumbani: usichelewe upande ule, mambo yetu usimwambie fulani. Darasani wanakaa pamoja Mkikuyu na Mkalenjin, Mluhya na Mkisii, Mluo na Mturkana, wanaongea Sheng moja na kubishana kuhusu timu zile zile za mpira, na ukiwatazama huoni tatizo. Lakini mwalimu akisema "mwamini mwenzako," kuna mtoto atakayelisikia neno hilo kama amri ya kusahau alichoambiwa na nyanyake. Hilo ni ombi kubwa mno kwa Jumatano alasiri. Ombi dogo analiweza: mshikie mwenzako tochi nyuma ya pazia anapobadilisha maleba, usiizime mpaka aseme tayari.

Ushahidi wa jambo hili uko hata nje ya sanaa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwapeleka wavulana wa miaka kumi na mmoja hivi kwenye kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, Marekani, wakiwa makundi mawili. Aliwashindanisha kwa michezo na zawadi, na muda si muda wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana vibandani. Kuwakutanisha kwenye chakula na sinema hakukusaidia. Walirushiana chakula chenyewe. Kilichopunguza uhasama ni shida ambazo kundi moja lisingeziweza peke yake, kama vile maji ya kambi yalipokatika, au lori lilipokataa kuwaka ikabidi wote walivute kwa kamba. Mtu anaweza kusema kwamba Sherif aliwachezea watoto wale ili wathibitishe alichokwisha kuamini, naye atakuwa amesema kweli. Leo jaribio kama hilo lisingeruhusiwa. Hata hivyo jaribio lake la mwaka uliotangulia, 1953, lile lililomharibikia, linatufundisha zaidi. Safari hiyo wavulana waliachwa wachanganyike na kuzoeana ndipo wakatenganishwa, na watu wazima walipojaribu kuwachochea, watoto walikataa kuchocheka, wakaanza kuwashuku watu wazima. Katika mji ambao uchaguzi unarudi kila baada ya miaka mitano, mlezi wa klabu ana kila sababu ya kutamani kuharibikiwa namna hiyo.

Kazi ya Elliot Aronson jijini Austin, Texas, mwaka 1971, iko karibu zaidi na darasa. Shule zilikuwa zimeunganishwa baada ya miaka mingi ya kutenganisha rangi, na watoto walikuwa wanapigana. Aronson na wenzake hawakuhubiri umoja. Waliligawa somo vipande, kila mtoto akapewa kipande ambacho wenzake katika kikundi hawakuwa nacho, na mtihani ukawa wa somo zima. Aliyezoea kumcheka mwenzake kwa kubabaika akajikuta anayahitaji maneno ya mbabaikaji yule ili afaulu, na haja hiyo ikamfunza kuuliza kwa upole. Waigizaji wa London zama za Shakespeare walifanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo, ingawa kwao sababu mojawapo ilikuwa gharama: kunakili mchezo mzima kwa mkono kulikula muda na karatasi, kwa hiyo kila mmoja alipewa mistari yake tu pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia. Ufanye usomaji wako wa kwanza hivyo. Mpe kila mmoja karatasi yenye maneno yake na maneno matatu ya kumwita, kisha wasimame wasome. Watakwama, watacheka, na muda utakwenda mara mbili ya ulivyopanga. Lakini watasikilizana, kwa sababu hakuna anayeweza kuhesabu mistari hadi zamu yake huku akili iko kwenye chapati za jioni. Hajui zamu yake itatoka kinywani mwa nani. Baada ya usomaji wa pili au wa tatu, gawa mswada mzima.

Kanuni hiyo uivushe nje ya maneno. Klabu nyingi zina waigizaji na zina "wale wengine," yaani wabeba viti, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Kila mtu awe na kitu mkononi ambacho asipokuwepo onyesho linasimama: ngoma, pazia, kisanduku cha rangi za uso, orodha ya vifaa vya jukwaani. Anayeigiza mfalme apewe kazi ya kukunja maleba ya wote. Na kila nafasi kuu iwe na mtu wa pili anayeijua, si kwa kuambiwa tu "jiandae," bali kwa kuigiza zoezi zima mara moja kwa wiki huku mwenye nafasi ameketi akimkumbusha mistari. Utashangaa jinsi wawili hao wanavyogeuka washirika badala ya mahasimu, mradi umetangaza tangu mwanzo kwamba zamu ya mtu wa pili ni ya kudumu, wala si tishio kwa wa kwanza. Unapowapanga wawili wawili, usiwaache wachague marafiki zao, wala usiwapange kwa kabila kana kwamba unafanya sensa. Watakugundua siku hiyo hiyo, na utakuwa umewakumbusha kile ulichotaka kipungue. Panga kwa kazi: mwenye sauti nzito na mwenye sauti nyembamba, anayekariri haraka na anayeelewa taratibu. Munyaka kwa jinsi ilivyo, mchanganyiko utajitokeza wenyewe.

Sasa ahadi. Katika shule ya kutwa ahadi kubwa kuliko zote ni saa. Mazoezi huanza masomo ya alasiri yakiisha, na jua la Eldoret linatua mapema kuliko mwalimu mwenye hamasa anavyopenda kukiri. Msichana anayetembea hadi nyumbani anataka kufika kabla ya giza; mvulana anayetarajiwa dukani kwa mamake naye ana saa yake. Ukisema mtamaliza saa kumi na mbili kasorobo, malizeni saa kumi na mbili kasorobo, hata kama onyesho la tatu limeanza tu kukolea. Mzazi aliyemruhusu mwanawe kwa shingo upande anakupima kwa dakika hizo, na mtoto pia. Mlezi anayechelewesha watu mara tatu kisha anahubiri uaminifu anachekwa kimoyomoyo, na anastahili. Vivyo hivyo kuanza: anza na waliofika, kwa zoezi linalowahitaji wote, ili pengo la aliyechelewa lionekane bila wewe kumgombeza. Anapoingia, usimpe hotuba. Kundi limwonyeshe mahali pake, na wiki hiyo apewe kazi ya kuita majina. Na pale mvua ya Machi itakapopiga mabati hata msisikiane, usiwarudishe nyumbani. Fanyeni mchezo mzima bila sauti, kwa macho na mwili. Hakuna somo la kutegemeana linaloshinda hilo, na linatolewa bure na mawingu.

Jambo la tatu ni makosa, na hapa ndipo walimu wengi tunapokosea kwa nia njema. Tunadhani kundi lililoshikamana litakuwa na makosa machache. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza vikundi vya wauguzi hospitalini akitarajia kuona hivyo, akakuta kinyume chake: vikundi bora ndivyo vilivyoonekana kuwa na makosa mengi zaidi ya dawa. Alipochimba aligundua kwamba havikukosea zaidi, bali vilisema, ilhali vingine vilificha. Kundi lako pia litakuwa na mtu aliyesahau mstari na mwingine aliyeacha upanga wa mbao nyumbani. Swali ni kama utaambiwa leo au utajua siku ya mashindano. Basi kila zoezi lifungwe kwa dakika tano ambapo kila mmoja anataja kosa lake mwenyewe na atakavyolitengeneza. La mwenzake asiliguse. Uanze wewe. Sema, "Nilibadilisha sehemu ya kuingilia bila kumwambia mpiga ngoma." Wiki mbili za kwanza watasema vijikosa vya kupendeza, vya kujipamba. Vumilia, ya kweli huja watakapoona kwamba aliyetaja la kweli hakuadhibiwa kwalo.

Kama unadhani jambo hili ni la kigeni, kumbuka Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda na wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho, usaili na mazoezi vilifanyika hadharani. Wanakijiji walikaa wakitazama, wakasahihisha lugha ya wazee ilipoandikwa vibaya, wakaonyesha jinsi kazi za viwandani zinavyofanywa kwa kweli, na uwanja wa maonyesho wakaujenga kwa mikono yao. Mchezo ulipigwa marufuku mwezi wa Novemba mwaka huo, na uwanja ukabomolewa mwaka 1982. Lakini hakuna anayetaja Kamĩrĩĩthũ kama kundi lililovunjika kutoka ndani. Mimi naona siri yake ilikuwa hapo, kwamba aliyesahihisha mswada hakuwa mgeni tena katika mchezo. Fungua milango ya ukumbi wako mara moja kila wiki mbili. Mwite mama muuza mboga, mpishi wa shule, wazazi. Waulize ni wapi walichoka na ni wapi hawakuamini. Mwanafunzi akiona neno la mpishi limebadilisha onyesho zima, ataelewa kwamba lake pia lina nafasi.

Utaambiwa, na kwa haki, kwamba haya yote yanataka muda, na Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu halingoji mtu. Ngazi za chini huangukia muhula wa kwanza, fainali huwa Aprili, na mwalimu mkuu anataka kombe. Si afadhali kuchagua wenye vipaji watano, kuwakaza, na wengine wajaze jukwaa? Jibu liko umbali mfupi kutoka hapa, Kaptagat, alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge. Alipokimbia marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alisindikizwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kwa zamu, watano mbele yake na wawili nyuma, wakikata upepo. Miongoni mwao walikuwamo mabingwa wa dunia na wa Olimpiki. Hakuna mji unaopaswa kuelewa vizuri kuliko Eldoret kwamba nyota huhitaji watu wanaojua mahali pao kwa hatua moja, na kwamba kujua mahali hapo ni ustadi. Tena kuna hesabu baridi kabisa: kundi la nyota watano likipatwa na malaria au karo siku mbili kabla ya mashindano limekwisha, lakini lile lenye watu wa pili waliozoeshwa linapanda jukwaani. Muda unaouhofia utalipwa katika wiki ya mwisho, wiki ambayo walezi wengine huitumia kusuluhisha ugomvi.

Pingamizi la pili ni la nidhamu. Watu watasema watoto wanahitaji mkono imara, na kundi linalojisahihisha litaishia kwenye vurugu. Kwa kiasi wana haki: penye wengi pana mengi, na mlezi anayeuliza kura kwa kila jambo hatamaliza onyesho la kwanza. Amua wewe mambo ya saa, usalama, na nani aigize nini. Lakini kuna mtihani mmoja wa mkono imara: ukitoka ukumbini dakika ishirini, nini hutokea? Mtihani huo waweza kuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Aprili 2025, kwenye tamasha hilo hilo Nakuru, wasichana wa shule ya Butere waliokuwa na mchezo wa Echoes of War waliingia jukwaani bila mwandishi wake, Cleophas Malala, aliyekuwa amezuiwa kuwafikia. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, wote. Uwe na maoni yoyote kuhusu mchezo wenyewe au kuhusu watu wazima waliouzunguka, na mimi naona watu wazima ndio waliopaswa kubeba mzigo ule, hutakosa kuona kwamba kundi lile lilijua kufanya jambo moja kwa pamoja bila mwelekezi kusimama pembeni. Kwa hiyo zoezi moja katika kila manne uwaachie wenyewe, ukae nje mlango ukiwa wazi, uingie tu mtu akiumia.

Pingamizi la tatu huja kutoka kwa wenye moyo mwema kupita kiasi. Kwa nini, watauliza, tusiwape watoto mchezo unaohusu 2008, kila mmoja asimulie ya kwao, machozi yamwagike na mioyo ipone? Kwa sababu jukwaa si hospitali, na mtoto wa miaka 16 hana deni la kutoa habari za familia yake ili klabu ipate kushikamana. Kuna namna bora. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kina Penina Mlama, uliwawezesha wasichana wa sekondari kutumia maigizo ili wayataje matatizo ya shuleni kwao. Wao ndio waliochagua tatizo, wakalichambua, wakalitungia mchezo, kisha wakalijadili na walimu wao. Tofauti ni nani anayechagua. Wanafunzi wako wakileta wenyewe kisa cha majirani waliokosana kwa sababu ya mpaka wa shamba, kipokee, hata kama sote tunajua kinazungumzia nini. Wakileta kisa cha simu iliyoibwa, kipokee pia, wala usichimbe.

Mipaka mingine iwe wazi kuliko yote niliyosema. Kuaminiana kusiwe pazia la kuficha jambo. Hakuna zoezi la mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja katika chumba kilichofungwa, na hakuna zoezi la kugusana ambalo mtu hawezi kulikataa bila kutoa sababu. Mizaha ya kabila ndani ya kundi, hata ile wanayoichekea wote, ikomeshwe mapema na kwa sauti ya kawaida, maana anayecheka kwa sauti kubwa zaidi mara nyingi ndiye anayejikinga. Na pesa: nauli za kwenda mashindanoni zimevunja klabu nyingi kuliko vipaji duni. Wawili wazishike, mwingine aandike, na hesabu ibandikwe ukutani kila Ijumaa, shilingi kwa shilingi, pamoja na zako wewe ulizokopa.

Mashindano yakiisha, mshinde msishinde, usiliache kundi litawanyike kwenye mlango wa basi. Kuna leso mliyoazima kwa mama fulani mtaani, kibuyu cha mzee, kiti cha mwalimu wa sayansi. Virudishwe vimefuliwa na kufutwa, na arudishe yule yule aliyeazima, akiwa na mwenzake wa zamu. Wale wa kidato cha mwisho wakae na wadogo alasiri moja wawaonyeshe kamba ya pazia inakwama wapi. Kisha ufunguo wa kabati la maleba umkabidhi mwanafunzi wa kidato cha chini mbele ya wote, na wewe usibaki na wa akiba.